Sakae, Ha-25 na Irakoze

Minto, Sydney
3 Machi 2025

Mdogo wangu Rodrigue,

Sisi huku wazima. Mguu wako umepona? Ofisi ya uhamiaji imerudisha karatasi zetu za kukuleta huku. Miaka kumi najaza kila fomu: mdogo wangu ni Rodrigue Irakoze. Wewe kwenye mahojiano ukajiita Rodrigue Nduwimana. Jina langu nani alikupa? Kwetu kila mtoto ana lake, unajua. Tumepewa siku sitini kuthibitisha undugu, la sivyo faili linafungwa.

Kaka yako,
Nduwimana

Kambini, Kigoma
19 Machi

Shikamoo kaka,

Mguu umepona. Usinikasirikie. Wazungu ndugu wote wana jina moja la ukoo. Niliogopa watasema sisi si ndugu. Sasa nifanyeje?

Mdogo wako,
Rodrigue

Minto
2 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Karakana yetu inakarabati injini mbili za ndege za Japani za wakati wa vita. Kibao cha moja kinasema Ha-25, cha nyingine Sakae. Bosi wangu Douglas akakataza tusichanganye vipuri. Nikapima: zote silinda kumi na nne, kipenyo milimita 130, mwendo wa pistoni 150. Kumbe injini ni ileile. Jeshi la nchi kavu liliipa namba, la majini likaipa jina, kila mtu na lake. Vita ilipowabana ndipo wakakubaliana namba moja, Ha-35. Ile tatu ya mwanzo ni alama ya injini ya silinda kumi na nne za safu mbili. Douglas alisoma kibao, mimi nilipima.

Basi na sisi tupimwe DNA. Kliniki inakungoja tarehe 14.

Kaka yako

Minto
20 Aprili, Pasaka

Rodrigue, u mzima? Kliniki hukutokea. Zimebaki siku kumi na mbili. Sikuhangaika miaka kumi ili faili ulifunge wewe. Andika.

Kaka yako

Kambini
24 Aprili

Shikamoo kaka,

Mwili mzima. Mama kabla hajafa aliniambia baba yako si baba yangu. Ndiyo maana nilichukua jina lako, nipate kitu kimoja cha kwenu. Kipimo kitaninyang'anya hata hicho.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo,
Rodrigue

Minto
24 Aprili

Marahaba, mdogo wangu.

Nimekusoma kwenye simu sasa hivi kazini, mikono imejaa grisi.

Ulipozaliwa nilikuwa na miaka tisa, na baba alikuwa na miezi kumi na minne Uganda bila kurudi. Ulidhani sikujua kuhesabu? Alirudi ukiwa na wiki tano, bado huna jina. Akakupakata, hakumuuliza mama neno, akasema huyu ni Irakoze, yaani shukrani kwa Mungu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Jina hilo ndilo ulilofuta, na hilo ndilo linaloniuma.

Kipimo kitaonyesha mama mmoja. Nimeuliza ofisini, inatosha. Kesho saa tatu asubuhi uwe kliniki. Wakikuuliza jina, wape alilokupa baba.

Kaka yako,
Nduwimana