Pazia la Upande wa Dada

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi pokea salamu zangu tu. Naomba unisaidie kuchagua pazia. Najua watu wanakuandikia habari za ndoa na mimi naleta madirisha, lakini miezi minne sasa sebule yangu imezibwa kwa shuka na misumari, fundi wa mapazia amekuja mara tatu na lile buku lake la sampuli, na kila akija nachagua, akiondoka nampigia simu nabadilisha, mpaka baba watoto ameniambia, "Mama, hata nguo ya harusi yako hukuihangaikia hivi."

Tatizo ni dirisha moja. Nyumba yangu na ya dada yangu mkubwa zimetazamana, baba alitugawia kiwanja kimoja tukajenga, katikati pana ua mdogo na kamba ya kuanikia nguo, na dirisha langu la sebuleni linaangalia moja kwa moja meza yake ya chakula. Hatusemeshani tangu tumzike mama, na mwaka unakaribia.

Kwanza nilitaka lile la kitambaa kizito la kuviringisha, ukilishusha hata jua la saa nane halipenyi, kesho yake nikaona nitaishi kama mgonjwa wa macho. Nikahamia lile jepesi, mchana wewe unaona nje na wa nje hakuoni, lakini fundi akasema, "Jioni ukiwasha taa mambo yanageuka, yeye ndiye atakuona wewe." Nikaliacha hapo hapo. Nikasema basi la vibao vya mbao, unazungusha kijiti vinalala, unazungusha vinasimama, nikamwuliza kama naweza kuvilaza kidogo tu nichungulie bila kuonekana, akanitazama, akafunga buku lake akaaga.

Jumanne iliyopita alikaa kwenye kiti bila hata kufungua buku. Akasema, "Mama, nikueleze ukweli. Yule dada wa pale mbele naye ni mteja wangu, dirisha lake nimelipima tangu mwezi juzi. Nikimwuliza anataka aina gani, ananiuliza, kule wamechagua nini? Wakiziba, na mimi niwekee la kuziba. Wakiacha mwanga, na mimi niachie mwanga. Sasa nina nyumba mbili zinasubiriana, na mimi sijui nikate kitambaa gani."

Tangu siku hiyo situlii. Nafagia pale nilipofagia, nainjika chai naisahau inakauka, na kazini, tunakoshona sare za shule, nimekata mikono kumi na miwili yote ya upande wa kushoto, msimamizi akaniuliza kama hiyo shule ina watoto wa mkono mmoja.

Nikwambie jambo ambalo hata baba watoto halijui. Mama aliugulia kwa dada miezi minane, dada akaacha kufundisha chekechea ili amuuguze, mimi nikapangiwa zamu za Jumatano na Jumapili na mara nyingi nilikuwa na udhuru. Siku mama alipofariki ilikuwa mchana, nimesimama kwenye meza ya kukatia, dada akapiga simu mara mbili, nikaona, nikajua anataka niende kushika zamu, nikailaza simu kifudifudi nikaendelea kukata. Nilipofika mama alikuwa ameshafunikwa. Mbele ya waombolezaji nikalia nikisema dada hakuniita, amenificha mama yangu mpaka mwisho, na mjomba akamkaripia watu wakisikia. Dada aliniangalia, akainuka akaenda kuchota maji ya wageni. Simu ilikuwa mfukoni mwake na namba yangu imo. Hajasema neno mpaka leo.

Fundi anakuja Jumamosi na amesema ni mara ya mwisho. Niweke lipi? Nikiziba nitakuwa nimemzibia yeye, na nisipoziba sina uso wa kumtazama.

Ni mimi, Mkata Sare.

*

Mkata Sare,

Pole kwa kufiwa. Hilo ndilo neno laini la mwisho utakalolipata kwangu leo.

Ulisema uongo msibani, mahali ambapo hata maadui hunyamaza. Dada yako alikuwa na ushahidi mfukoni, angeutoa ungeadhirika mbele ya ukoo mzima. Akakubali kuadhirika yeye. Karibu mwaka mzima anabeba karipio ambalo ni lako, halafu wewe unamwuliza fundi kama unaweza kumchungulia.

Usijidanganye kwamba mmekosana. Wanaokosana ni wawili. Hapa kuna mmoja aliyekosa na mmoja anayesubiri.

Kwa ile simu nakuelewa. Kuuguza kunachosha, na mtu akichoka huikimbia hata sauti ya mama yake. Hilo ungelisema siku ile ile mngelia wote wawili yakaisha. Lililokuharibu ni la pili.

Sasa sikiliza. Leo baba watoto akirudi kazini, mkalishe umwambie yote, kabla hajasikia kwa mwingine. Kesho mpigie mjomba, umweleze kwa mdomo wako kwamba dada alikuita na wewe hukupokea. Akikufokea, pokea. Usianze na dada ukamwacha mjomba, maana kosa ulilolifanya hadharani huwezi kulitubu uani ukadhani limekwisha.

Kuhusu pazia, kwa kuwa uliuliza: weka la vibao vya mbao. Sebule ya jua la mchana inataka pazia unaloweza kulilaza na kulisimamisha kadiri jua linavyozunguka, na vumbi lake unalifuta kwa kitambaa tu. Kamba zake zifungwe juu, mtoto asizifikie. Lile zito peleka chumbani. Lakini Jumamosi fundi asikate chochote. Mwambie aje Jumatatu.

Jumamosi asubuhi vuka ua. Usitume mtoto akupelelezee, na usibebe sahani iliyofunikwa. Wewe ndiye mdogo, na mdogo ndiye anayepiga hodi. Akifungua, usianze kulia, maana ukilia atakubembeleza, ndivyo walivyo dada wakubwa, na utakuwa umemtwisha kazi nyingine. Sema, "Dada, ulinipigia mara mbili. Niliona." Kisha nyamaza, umwache aseme anachotaka, kwa muda anaoutaka.

Asipofungua, rudi Jumapili.