Nyumba Tuliyoipata ku Matanga

Bunia, kartie Mudzipela
Tarehe 12, mwezi wa nane 2025

Mupendwa Yaya Placide, ndugu yangu mukubwa,

Jambo sana, na amani ya Bwana ikufikie kule Kisangani. Uko namna gani? Ile kikohozi ya mwezi uliopita ilishaisha? Na mugongo, unaendelea kubeba mifuko ya sima ya kujenga sawa kijana? Hapana kunidanganya, juu mara ya mwisho mu telefone nilikusikia unapumua sawa muzee. Ukunywe dawa, yaya. Kazi ya kujenga haiishake, lakini mugongo iko moja tu.

Siye hapa tuko wazima. Patricia bibi yako iko muzima. Prince anakula sawa mutu mukubwa. Sandrine alishikwa na malaria lakini alishapona, anaruka kamba. Kadogo Aimé alianza kusimama kwa kushika kiti, akianguka anacheka mwenyewe. Mungu asifiwe.

Nilijaribu kukupigia, reseau inakatika kila mara tunafika ku maneno ya maana. Njo maana ninaweka hii barua mu mukono ya abbé Théodore, padiri ya paroisse yetu, anapanda ndege kesho, alisema atakutafuta mwenyewe ku shantie, pale munajenga. Umupatie maji ya kunywa. Na weye ukae chini mbele ya kuendelea kusoma, juu kuko neno itakuuma.

Neno yenyewe ni nyumba. Ulimuomba Michel, mutoto ya baba mukubwa, atafute nyumba hapa Bunia juu bibi na batoto batoke Iga Barrière. Ulifanya vizuri. Kule, na ile vita, hakuna mutu anajua kesho italeta nini. Balifika kwangu kila mutu na mufuko yake moja, na nyumba yangu unaijua: vyumba viwili, na mu kimoja iko masini ya kushona. Tulikuwa tunalala sawa samaki mu kitunga. Na masomo inaanza mwezi kesho. Ilifaa kupata pahali, na haraka.

Michel alikutumia picha, ukapenda. Hata miye niliona picha nikasema, ee, huyu Michel alijua kutafuta! Ukuta murefu na vipande vya chupa juu, mulango ya chuma, na jirani bote batu ya kwetu Mahagi. Ulisema mu telefone, "Annette, pale batoto yangu watakuwa salama." Michel naye anarudilia kila siku kwamba damu ni nzito kuliko maji. Basi nilichukua Patricia tuende kuiona kwa macho, mbele ya kutoa garanti, zile feza za kwanza za kupanga.

Yaya, picha haionyeshe njia. Unapita kartie Shari, unaendelea, nyumba inaanza kuachana, halafu mahindi huku na huku, mirefu kuliko mutu. Nilikuwa natembea ninafikiria Sandrine na mufuko yake ya masomo mu ile mahindi. Tulipofika tukasema tusalimie kwanza bajirani, tuulize maji inatoka wapi. Tulipiga hodi mulango ya kwanza, imbwa ikaitika. Ya pili, imbwa. Ya tatu mutu aliuliza kutoka ndani, "Nani amewatuma?" Nilimujibu mu luga yetu, na heshima yote. Hata karibu hakusema! Mutu ya Mahagi kukosa kusema karibu!

Sisemi kwamba ni batu babaya. Ni batu balioogopa mpaka woga ikafunga kinywa yao, na miye siwezi kubahukumu. Lakini nilitazama ile ukuta nikajiuliza, mwizi akisha kuruka, ukuta itamuficha nani? Itamuficha yeye. Patricia atalia, na ni mahindi itamusikia. Na neno ingine, nitaisema polepole: miaka yote niko Bunia niliona kwamba pahali kabila moja inajikusanya yenyewe, siku ya fujo batu banajua wapi pa kuitafuta. Weye uliisha kuona. Hapana kunilazimisha niandike zaidi.

Nilimuuliza Patricia anafikiri nini. Alijibu, "Kama Baba Prince ameipenda, basi." Njo vile alikuwa anajibu kila kitu tangu alifika. Utakula? Basi. Utalala? Basi. Hakulia hata mara moja, yaya, na ile njo ilikuwa inaniogopesha kuliko yote.

Sasa sikiliza vile mambo ilifika. Mama moja ninamushoneaka aliniambia kwamba Mama Adeline, mwanamuke ya Butembo, iko na nyumba ya kupangisha mu avenue fupi hapo Shari. Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, tukaenda na Patricia, Aimé mu mugongo yake, na miye na mufuko ya unga nilikuwa nimenunua njiani. Kufika ku kona, tunaona bashi ya kivuli imefungwa, viti, moshi, bamama wamefunga vikwembe mu kiuno. Matanga. Unajua vile mama alitulea: mbele ya matanga hapana kupita sawa mbuzi. Hata kama marehemu humujui, unaingia, unatoa pole, unakaa kidogo, njo unaendelea na safari. Tukaingia.

Kumbe marehemu ni baba ya Mama Adeline mwenyewe. Na kumbe ndugu yake mwanaume alioa kwetu Mahagi, na bakwe balikuwa banangojewa tangu asubui. Mama moja alisikia namna tunasema pole, akaangalia mutoto mu mugongo na mufuko ya unga, akapiga kelele, "Bakwe bamefika! Bakwe ya Mahagi bamefika!" Mama weee! Mbele nifungue kinywa, mufuko ilishaenda mu jikoni, vichwa vyetu vilishafungwa kitambaa, na siye tuko chini ku mukeka ya mbele kabisa, karibu na mufiwa. Mama Adeline aliniangukia mu shingo akilia. Utamuambia nini mutu analia mu shingo yako? Kwamba ulikuja kuuliza bei ya nyumba?

Nilisema nitangoje kidogo, kilio ipungue, nimunong'oneze. Lakini hapo Patricia akaanza kulia. Yaya, sijasikia mutu analia vile. Alilia mpaka Aimé akatolewa mu mugongo, mpaka bamama babili bakamushika mikono, mwingine akamumwangia maji ku uso. Bibi zote za avenue zilikuja kukaa karibu yake. Moja Mulendu, moja Muhema, moja Munande, moja sijui ya wapi, na bote banamupapasa mugongo na kumuambia, "Lia, mama, lia." Hakuna aliyemuuliza kabila. Aimé alizunguka mu mikono ya batu mpaka nikapoteza iko wapi, na kwa mara ya kwanza sikuogopa.

Balitupatia chakula ya bakwe, ya kwanza, kuku na bugali nyeupe. Tulikula. Halafu jua ikianza kushuka, gari moja ikasimama ku kona, batu banateremuka na vilio: bakwe yenyewe! Nilitafuta shimo ya kuingia, sikuona. Mama Adeline anaangalia huku, anaangalia kule. Akaniuliza, "Sasa ninyi ni banani?"

Nikasema, "Mama, utusamehe. Siye ni batu ya kutafuta nyumba tu."

Halafu yule mama, machozi ingali ku shavu, akacheka! Akacheka mpaka akajishika tumbo, na bamama bote nyuma yake, na bakwe ya kweli, na chakula yao tuliisha kuila. Nilisikia haya, yaya, lakini na miye nikacheka. Alipotulia, akamutazama Patricia na macho yake ilivimba, akamuuliza, "Weye ulimulilia baba yangu kupita batoto yake. Ulikuwa unalia nani?"

Patricia akasema, "Sijui, mama. Nilikuwa nalia yote."

Mama Adeline alimushika mukono. Alituambia turudi kisha mazishi. Njiani nilikuwa naanza kusema kwamba hata hatukuona nyumba ndani, hatujui kama inavuja, na Patricia akanikata maneno. "Nyumba njo ile," alisema. Sauti ya mutu ya kupiga mesa! Nilikuwa nilisahau kwamba bibi yako iko na sauti.

Usikasirike: Patricia na batoto bako ndani tangu juzi, juu mazishi ilipita na Mama Adeline mwenyewe alituma mutu kutuita. Garanti alisema tutaileta tukiipata. Ile makuta yako, feza ulimutumia ya garanti, Michel angali nayo, na anakataa kunipatia, anasema yeye anasikiliza mwenye makuta, si mwanamuke ya masini. Anasema tumechukua batoto ya ukoo tukabatupa kwa batu ya kigeni. Mwenye ile nyumba ya ukuta anangojea jibu mpaka siku ya tano ya hii juma. Kwa hiyo ninakuomba, ukimaliza kusoma, hata kama ni juu ya muti utapata reseau, umupigie Michel umuambie neno yako. Sikuambii ile utamuambia. Nakuambia tu kwamba Mwandishi ya Mezali mu Biblia aliona mbali: afazali jirani ya karibu kuliko ndugu ya mbali. Na weye njo ndugu ya mbali, yaya, usinichukie.

Nyumba yenyewe siwezi kukusifia. Hakuna ukuta, ni uzio ya miti tu, mbuzi ikitaka inapita. Upande ya jikoni inavuja. Choo ni ya kushirikiana na Mama Adeline. Ukisikia vile utasema Annette alirukwa na akili, na usiku miye mwenyewe ninajiambia vile. Ninageuka mu kitanda, ninasikia pikipiki inapita, ninafikiria uzio. Nikifunga macho ninaona ukuta ya Michel na chupa zake zinang'aa. Kama kitu kitafika kwa bale batoto, ni mu kichwa yangu utaiweka, na utakuwa na haki. Hapa Bunia hakuna pahali pa kusema hapa iko salama kabisa, ni uongo. Kuko tu pahali batu banaamuka kwa ajili yako na pahali banazima taa.

Siku balihamia, muzee Athanase, chefu ya avenue, alikuja na fimbo yake akabashika batoto mikono, akabapitisha nyumba kwa nyumba. "Huyu ni Prince, huyu ni Sandrine, mubaangalie sura. Kesho mutu asiseme hakubajua." Mu kila nyumba alirudilia kwamba kidole moja haivunje chawa. Halafu Mama Adeline akaleta sufuria ya zamani, imetoboka, akaitundika karibu na mulango. Si ya kupikia. Mukisikia woga, anasema, muipige, na kila mulango hapa iko na yake. Prince aliuliza kama anaweza kujaribu. Muzee Athanase akamuambia, "Mutoto yangu, ile haijaribiwake."

Kuko jambo moja sikukuambia mu telefone, juu niliona itakuvunja roho uko mbali. Tangu balifika kwangu, batoto balikuwa banalala na viatu. Prince anafunga hata kamba, mara mbili. Nilibaambia mutoe, mashuka inachafuka, mutapata vidonda. Prince akanijibu taratibu, sawa ananielezea hesabu, "Shangazi, ukivaa kisha kusikia bunduki, umechelewa." Nilitoka inje nikajipanguza macho na kikwembe. Sasa jana nilienda kubaona magaribi, nikakuta viatu vya Sandrine ku mulango, pamoja na vya batoto ya jirani, vimechanganyikana. Vya Prince angali navyo ku miguu, lakini kamba alizifungua.

Batu bote banakusalimia. Mama mudogo Lucienne anasema utume picha tuone kama unakula. Delphin, bwana yangu, anauliza kama kule Kisangani samaki iko bado rahisi sawa zamani. Na Michel naye, hata vile tuko hatusemezani, mutoto ya baba mukubwa ni ndugu, umusalimie ukimupigia, mbele ya kumugombeza.

Bikira Maria akufunike na kitambaa yake, akurudishe kwetu na mifupa yote. Patricia iko hapa pembeni, ananyoosha mukono achukue kalamu, anasema iko na mustari yake.

Ni miye dada yako, ninayekupenda na ninayengojea hasira yako,
Annette

Baba Prince, ni miye. Hamukuniuliza, si weye, si Michel. Nyumba njo hii. Jana na miye nilivua viatu.
Patricia