Mkwe na Mkeka wa Kahawa

Rubya

Mjukuu wangu Kemilembe,

U mzima? Mimi mzima, mgongo tu. Kiangazi kimeanza, na huku kwa shangazi yako tunaanika kahawa uani na kula ndizi kwa maharage mapya mpaka naona haya.

Jana mvua isiyo na adabu ikatushukia. Kahawa ikilowa inaoza, na hilo ndilo jasho lao la mwaka mzima. Nikashika mkeka upande mmoja; upande wa pili kashika nani? Mume wa shangazi yako! Miaka tisa mkwe huyo hajasimama mbele yangu, ndiyo heshima yetu, mkwe na mama mkwe wasionane. Akinisikia tu anapitia migombani. Akafumba macho.

"Mama, nisamehe, sikuoni!"

"Fumbua macho wewe, utaimwaga!"

Tukakimbia naye hadi ndani, haikulowa hata punje. Kisha akarudi zake migombani, mvua ikimnyeshea. Siku zote nasema shangazi yako kaolewa na mvivu. Nimekosea, na mimi sikosei mara nyingi.

Wewe palilia kibanja, shamba letu la migomba, usilale mchana. Nimekuwekea maharage. Mungu akulinde, mkaidi wangu.

Bibi yako