Klachi ya Mkono

Jumamosi, 8 Juni

Bolti ya tatu ya pampu ya maji imekatika. Mbili za kwanza zilitoka baada ya kulowekwa dizeli tangu juzi. Hii imekatikia ndani. Niliketi chini nikaitazama kama dakika ishirini. Sijui bolti iliyokatikia ndani inatolewaje. Video ya kwenye simu haikufika huko, bando likaisha.

Siku ya tano na gari la Kaka Issa. Milango miwili, jekundu zamani, fupi kiasi kwamba ukikaa unahisi matako yanaburuza barabarani. Alilinunua enzi za kuendesha malori, akalipandisha treni kutoka Dar, na mtaa wetu wote hapa Ujiji ukaja kulitazama. Injini ilipochemka likasukumwa ukutani nyuma ya nyumba. Miaka tisa. Mpapai umeota penye bampa ya nyuma.

Na mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Sijawahi kuendesha hata pikipiki. Likizo hii ningeweza kulala tu.

Kaka alikaa kwenye baraza la uani siku nzima, mgongo kwangu. Tangu sukari imkatishe mguu mwezi wa pili hajavuka geti. Nilipomwambia nalitengeneza ili aendeshe tena, alicheka. Sikukipenda kicheko kile.

Jumapili, 9 Juni

Kuku wametaga chini ya kiti cha nyuma. Mayai kumi na moja, mengi yameoza. Panya wamekula nyaya. Nimetapika. Nimefagia. Nimetapika tena.

Hakuna nilichotengeneza.

Jumatano, 12 Juni

Nestori amekuja. Ni mchomeleaji wa mtaa wa Rusimbi, wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa huku. Mageti karibu yote ya mtaa huu ni kazi yake. Alichomelea nati juu ya bolti iliyokatika, akaizungusha, ikatoka. Chai niliyokuwa nimeibandika ilikuwa bado haijachemka.

Kisha akainama mlangoni, akatazama ndani.

"Mwalimu, Issa alikatwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Na klachi utamkanyagia wewe?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Pedali tatu. Ile ya kushoto ni ya mguu wa kushoto, na bila kuikanyaga huwezi kuingiza gia, huwezi kuondoka, huwezi chochote. Wiki nzima nimelala chini ya gari hili na sikujua.

Kaka alijua. Ndicho alichokuwa anakicheka.

Najisikia mjinga. Wala si ule ujinga ambao mtu anausimulia baadaye watu wakacheka.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi nililifunika gari kwa turubai. Nimeacha. Nilimwambia Kaka nimeacha, akasema, "Sawa." Hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Hilo ndilo liliniumiza.

Mchana Nestori akarudi bila kuitwa, ameshika mkono wa klachi ya pikipiki. Anasema klachi ya gari hili inavutwa na kebo, haitumii mafuta, na kinachovutwa kwa mguu kinaweza kuvutwa kwa mkono.

"Umeshawahi kufanya?" nilimuuliza.

"Sijawahi. Wala sijaona. Lakini ego, ndiyo, inawezekana."

Nimelifunua gari.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Kaka hakwenda kuswali. Kanzu niliyompigia pasi imebaki kitandani ilivyokuwa.

Mama mdogo alikuja kutoka Buzebazeba. Alilizunguka gari mara moja, akasema liuzwe kwa wanunua chuma chakavu, Issa afunguliwe genge la mboga hapo nje. Alisema mbele yake kama vile hayupo. Kaka alikula vipande viwili vya nyama, akasukuma sahani.

Jikoni mama mdogo akanishika mkono. "Tatu mwanangu, unamtesa mwenzio. Unamwekea mbele ya macho kitu ambacho hatakipata."

Nikautoa mkono nikaosha sahani.

Alhamisi, 20 Juni

Mkono wa pikipiki haufai. Klachi ya gari ni nzito. Nilivuta kwa mikono miwili, haikufika hata nusu. Kebo ikakatika, ikanichapa kidole. Damu kidogo. Nestori anasema inatakiwa leva ndefu kati ya viti, kama ile ya breki ya mkono. Atatafuta bomba.

Nimepiga msasa mlango wa kulia. Chini ya rangi kuna puti ya kuzibia, chini ya puti kuna tundu. Kila ninapogusa panakuwa pakubwa zaidi. Taa za mbele ni zile zinazojificha, zikiwashwa zinainuka. Moja imeinuka. Nyingine haitaki, na sijui nimeikosea nini.

Jumamosi, 22 Juni

Liliwaka.

Nestori alileta betri yake, tukafunga plagi mpya, petroli tukaitia kwenye chupa maana tangi limeoza. Mara ya sita likashika. Moshi mweupe ukajaa ua mzima. Nilipiga makofi peke yangu.

"Zima."

Kaka. Alikuwa amegeuza kiti. Ni mara ya kwanza kunitazama nikiwa kwenye gari.

"Zima hiyo injini, Tatu. Sasa hivi."

Nikazima. Nestori akafungua kifuniko cha oili. Ndani kulikuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi, ile inayoziba katikati ya injini, imekufa, kila kitu kifunguliwe upya. Kaka alilijua hilo kwa sikio tu, kutoka barazani.

Nikamfuata mbio. Nilitaka aniambie nianzie wapi, anifundishe, aketi karibu tu. Nilipofika alikuwa amekwisha kugeuza kiti tena.

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 23 Juni

Sikuligusa.

Jumatano, 26 Juni

Harufu. Nilidhani ni panya aliyekufia mahali. Nilikuwa nabadilisha shuka la Kaka, ikawa inatoka kwake. Soksi ya mguu uliobaki. Alinikataza nisiivue. Nikaivua.

Kidonda chini ya kidole gumba, kipana kama kizibo cha soda, kingo nyeusi. Hakimuumi. Sukari imeshaua hisia huko chini.

"Tangu lini?"

"Kama wiki tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimechoka kukatwakatwa, Tatu."

Wiki tatu ni karibu likizo yangu yote. Nilikuwa hatua kumi kutoka alipokaa, nimelala chali natazama vyuma.

Ijumaa, 28 Juni

Amelazwa tangu jana. Daktari ni binti mdogo, mpole. Wanasafisha kidonda, wanashusha sukari, wanasubiri. Kuoza kusiposimama watakata. Nilimuuliza watakata hadi wapi. Akasema tusubiri. Nikamuuliza tena. Tusubiri.

Asubuhi nilishuka ziwani Katonga nikampatia samaki mbichi, mgebuka, nikaupika mchuzi mwepesi anavyopenda. Alionja, akanishukuru kama ninavyoshukuriwa na mgeni.

Nestori alipiga simu. Leva imekamilika, aifunge? Nikamwambia funga. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mguu wa kulia ndio wa petroli na breki. Ukikatwa na huo, ile leva ni ya nani?

Jumatatu, 1 Julai

Shule zimefunguliwa. Nimefundisha sehemu. Nusu, robo, robo tatu. Katikati ya ubao nikasahau nilichokuwa naandika, nikasimama na chaki. Watoto walinyamaza wote. Darasa la nne halinyamazi hivyo hata kwa kiboko.

Jioni hospitali. Hakuna jipya. Wanasubiri.

Jumamosi, 6 Julai

Juzi wamekata vidole viwili. Mguu umebaki. Daktari anasema huenda ikatosha. Nimeondoka na hilo huenda, nimelala nalo, nimeamka nalo.

Gasketi imefika kwa basi kutoka Dar. Leo tumefunga hedi. Bolti kumi, zinaanzwa katikati kwenda nje, kidogo kidogo, unarudia mzunguko mpaka zote zibane sawa. Nestori alikataa kushika spana. Alikaa juu ya ndoo akawa ananitajia tu: hiyo, sasa ile, rudi. Nilizifunga zote kumi.

Nilipomaliza nikalia. Nestori akasema anakwenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana.

Jumamosi, 13 Julai

Kaka amerudi jana. Bandeji mpaka kifundoni. Haruhusiwi kukanyagia mguu ule kitu chochote. Mwezi, miezi, daktari hajui, na bado hajasema kwamba hawatakata tena.

Leo Nestori aliwasha. Likanguruma vizuri, bila moshi, bila maziwa kwenye oili. Leva inafanya kazi. Unaivuta, kikulabu kinaishika, unaingiza gia, unaiachia. Nestori alifanya yote kwa mkono mmoja. Mlango wa kulia nimeupaka rangi. Haifanani na ile ya zamani lakini ni nyekundu.

Kila kitu kimekubali, na aliyetengenezewa hawezi kukanyaga petroli. Hawezi kukanyaga breki. Ningekuwa na akili ningecheka kama alivyocheka yeye siku ile.

Nestori alikusanya vifaa vyake taratibu. "Mwalimu, kwa upande wangu nimemaliza," alisema. Alikwenda barazani akampa Kaka mkono.

Jumapili, 14 Julai

Nilikuwa nafua. Nikasikia magongo. Kaka amevuka ua peke yake, mguu umening'inia, jasho linamtoka. Nikaanza kumgombeza. Hakunisikiliza. Hakwenda upande wa usukani. Alifungua mlango wa kushoto, akaingia kwa makalio kwanza, akauvuta mguu ndani kwa mikono.

"Leta mto," alisema. "Halafu ukae kwenye usukani."

"Sijui kuendesha, Kaka."

"Najua. Kaa."

Leva iko katikati ya viti. Kutoka alipokaa aliifikia kwa mkono wa kulia. Yeye klachi na gia, mimi petroli na breki. Mguu mmoja tu, huo huo kwa zote mbili. "Nikianza kuachia, kanyaga kidogo. Kidogo, Tatu, si unavyoponda karanga."

Likaruka, likazima. Mara nne. Mara ya tano likatembea. Kutoka ukutani hadi getini, hatua kama ishirini. Nikakanyaga breki kwa nguvu, kidogo apige kichwa kwenye dashibodi. Alinigombeza kwa hilo mpaka nikasahau kuogopa. Tukarudi kinyumenyume, yeye akitazama nyuma kwa niaba yangu.

Hatukutoka nje ya geti. Kidonda hakijafunga. Jumanne tunarudi kwa daktari na anaweza kusema lolote. Hakuna nilichofanya tangu Juni kinachobadilisha hilo.

Nilishuka nikapike. Yeye akasema nimwache kidogo. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona, injini imezimwa, anaivuta leva, anaiachia polepole, anaivuta tena. Maji yalikuwa yamechemka. Nikatia unga.