Jina la Mjukuu Wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia, au bado baridi ya huko Mbebe inakusumbua? Sisi huku Uingereza tu wazima. Mkweo anasema mtoto amerithi sauti yako: akilia, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio.

Yule profesa wangu amefariki, Mama. Ameondoka usingizini, mzee aliyeshiba siku zake, kwa hiyo silii sana, namkumbuka tu. Maisha yake yote aliuliza swali moja: jina linamfikiaje mwenyewe? Ukimtaja mtu aliye Tunduma nawe uko Ileje, ni nini kinachofunga neno lako na mtu yule? Vitabu vyake vinasomwa kila mahali. Lakini hakujaliwa mtoto, ndiyo maana nilitaka huyu wetu achukue jina lake. Najua Baba aliposikia alibeba jembe akaenda kwenye kahawa bila kunywa chai, na tangu hapo kila nikipiga simu unaniambia yuko shambani. Ana haki. Kwetu mjukuu huchukua jina la babu yake.

Sasa msomee hapa. Kabla profesa hajafa nilimpelekea mtoto amwone, nikamweleza nia yangu. Akauliza, "Kwenu angeitwa nani?" Nikasema Ambakisye, kama babu yake, na kwamba wewe ungembeba ukimwita "mume wangu". Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Nimeandika miaka yote kwamba jina lina mtu wake mmoja, kumbe kuna bibi ana waume wawili!" Kisha akanishika mkono. "Usimpe langu. Langu litakaa vitabuni. Mpe lile ambalo kuna watu wataliita."

Mazishini watu walikuwa kimya kabisa, nikatamani vilio vya kwetu. Mjane wake akampokea mtoto, akauliza jina. Lilimshinda, akarudia, likamshinda tena, hadi likakaa mdomoni. Sasa kila Jumapili anakuja kwetu, na kabla hajavua koti anaita, "Ambakisye!" Mtoto anageuza shingo.

Msalimie shangazi Tupokigwe na ng'ombe wake, na kaka yangu dereva akirudi kutoka Zambia. Mkweo anakuamkia.

Na Baba mwambie atoke shambani aje kwenye simu. Jina lake linaitwa huku, na mwenyewe anaitika.

Mwanao,
Anyitike