Mlango Wetu Ulikuwa Tatu

Soweto West,
Kibera, Nairobi.
Jumamosi, 12 Januari 2008

Mpendwa Anti Mukai,

Pokea salamu za mtu anayekukumbuka kila akifungua kinywa kuimba. Mgongo unaendeleaje? Ndengu mmeanza kuvuna? Sisi tunapumua, tunashukuru. Everlyne wangu sasa ana miaka minne.

Uliniuliza habari ya kwaya. Mwalimu wetu, Wepukhulu wa Kawangware, alianza na ile mistari mitano ya noti. Anti, ilinishinda. Niliona viluwiluwi kwenye waya tu. Mimi nililelewa na do re mi yako, lakini wenzangu hawaijui, basi akatuletea namba. Moja ndiyo do, mbili ndiyo re, hivyo hivyo mpaka saba. Wiki moja tukashika wimbo mzima wa Krismasi, hata jirani yangu Seline asiyejua kusoma.

Ubao hatuna, kwa hivyo aliandika kwa chaki milangoni, kila mlango noti moja. Wetu ulikuwa tatu. Everlyne alikuwa anapita ploti nzima akiimba milango, watu wanacheka.

Tangu kura mwalimu hajaonekana, njia ya Kawangware imezibwa kwa mawe na tairi. Kimanzi wangu, baba Everlyne, naye amekwama kwenye lindo huko Karen, simu haishiki. Na tangu Jumanne, mtu wa kwetu alipopewa umakamu wa rais, sisi watu wa Ukambani tunaitwa wasaliti, na wanaotuita ni wale tuliokuwa tunaombana chumvi.

Leo asubuhi nimekuta tisa kando ya tatu yetu, imeandikwa kwa makaa. Everlyne alijaribu kuiimba, ikamshinda.

“Mama, hii inaimbwa aje?”

Nikamwambia hiyo bado hatujafundishwa. Kwa jirani Muia wa Machakos pia iko. Kwa Seline, ambaye si wa Ukambani, haiko. Nilisugua na jivu ikatoka. Saa kumi imerudi.

Kwa hivyo Everlyne anakuja na Musembi, huyu aliyekuletea barua. Lori lake linatoka kesho alfajiri. Mimi nangoja Kimanzi, asije akakuta nyumba haina mtu. Akifika tutawafuata, naamini hivyo. Viatu vya mtoto viko ndani ya mfuko wa unga. Usiku halali bila kuimbiwa.

Mfundishe do re mi yako, Anti. Itamchukua muda, lakini namba azisahau.

Nisalimie nyanya yetu Susu na binamu Mwende. Mungu aweke mkono juu ya paa lenu, na letu asilipite.

Mtoto wako akupendaye daima,
Mwongeli