Harufu Aliyoifuata Askari

Mjukuu wangu Ghati,

Marahaba. Huku Nyamwaga tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kiume.

Barua yako imenichanganya. Unasema chuoni mmefundishwa kuwa bangi na mchaichai vina kemikali moja ya harufu, na unauliza kama kweli nyumbani kwetu bangi ililimwa.

Ililimwa. Baba yangu aliipanda kule Itiryo, nyuma ya nyumba katikati ya mahindi, kwa samadi ya ng'ombe tu. Siku moja, nikiwa msichana, askari aliingia uani akinusanusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

Nikafunua sufuria ya chai iliyokuwa mekoni. "Ni mchaichai, afande."

Akanywa vikombe viwili, akashukuru, akaondoka.

Baba alinisifu mbele ya majirani. Mama hakunisemesha siku mbili, mpaka nikamuuliza nimesema uongo gani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ila sikupenda jinsi baba yako alivyofurahi."

Msimu uliofuata Mama alipanda mahindi matupu, na Baba hakubisha.

Miaka yote hii nimeamini kuwa nilisema kweli. Sasa sijui askari alinusa nini. Labda alijua, akaamua kunywa chai tu.

Bibi yako,
Wankuru